Mwongozo: Msee wa Oyugis, Hivi Ndivyo Unaonja Ufaransa Bila Kuchomeka

Agosti 2024 Wakenya tuliangalia Paris usiku kucha. Beatrice Chebet akabeba dhahabu mbili, 5000m na 10,000m, Faith Kipyegon akamaliza kazi kwa 1500m, na Emmanuel Wanyonyi akapiga 800m kwa 1:41.19. Zote nne zilipatikana Stade de France. Sasa swali ni moja: mtu wa kawaida kutoka Homa Bay anaweza enda huko, akule, atembee, arudi nyumbani? Anaweza. Lakini lazima ujue mambo kadhaa, ju kosa ndogo huko inakula ganji ya miezi.

Viza: hapa ndio pesa hupotea

Unaanza na pasipoti, na maombi yako ni ya eCitizen. Alama za vidole si lazima ufike Nairobi, Kisumu kuna ofisi ya uhamiaji.

Viza ya Schengen ya mtu mzima ni euro 90. Ukipiga hesabu ya Sh150 kwa euro, hiyo ni Sh13,500, na hairudi hata ukinyimwa. Inaweza kukupa mpaka siku 90 ndani ya siku 180, na inafungua nchi 29, si Ufaransa pekee. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15.

Watataka bima ya safari ya angalau euro 30,000, taarifa ya benki, mahali utalala, na kitu cha kuonyesha utarudi: barua ya kazi, ya shule, ama karatasi za biashara yako. Kama kuna cousin atakukaribisha, yeye ndiye anaenda kwa mairie, yaani ofisi ya meya wa mtaa wake, achukue barua inaitwa attestation d'accueil. WhatsApp ya "karibu sana bro" haitoshi.

Na sikiza hii vizuri. Viza ya kutembea hairuhusu kazi. Broker akikuambia mzee auze kipande cha shamba ndio upelekwe Paris na viza ya utalii, "kazi utapata ukifika", huyo anakuuza. Ukikaa kupita siku zako, viza inayofuata inakuwa ngumu, na shamba hairudi.

Bonjour ni kama oyawore

Watu husema Wafaransa wana madharau. Mara nyingi shida ni salamu. Hapa sokoni Oyugis huwezi simama mbele ya mama wa nyanya uanze na "ngapi?" bila kumsalimia. Huko ni hivyo hivyo. Ukiingia duka, basi, ama bakery, sema bonjour kwanza. Giza ikianza, ni bonsoir. Ukitoka, au revoir. Ukianza na Kizungu bila salamu, utajibiwa baridi.

Pia kuna tu na vous, zote maana yake ni "wewe". Vous ni ya heshima: mtu mzima, askari, mhudumu, mtu hujui. Tu ni ya mabeshte na watoto. Ukiwa na shaka, tumia vous.

Msosi: saa ni sheria

Lunch ni saa sita hadi saa nane mchana. Baada ya hapo jikoni nyingi zinafungwa mpaka jioni karibu saa moja. Ukifika saa kumi na njaa, utapata bakery ama kebab tu. Kula kubwa mchana, ju ndio kuna formule ama menu du jour: sahani mbili ama tatu kwa bei moja, nafuu kuliko usiku.

Baguette ni karibu euro moja, na tangu 2022 utamaduni wake uko kwa orodha ya urithi ya UNESCO. Nunua baguette, jibini na matunda, keti kwa bustani, umeshiba kama mwenyeji.

Maji ya chupa yanalipiwa. Sema "une carafe d'eau", utaletewa jagi ya maji ya bomba bure. Tip pia usijitese, huduma iko ndani ya bei.

Kama wewe ni Msabato ama Muislamu, shika maneno matatu: porc, jambon, lardons. Yote ni nguruwe, na lardons hupenda kujificha kwa saladi.

Mtu wa ziwa hatapotea. Tafuta friture, samaki wadogo wa kukaangwa wazima, binamu wa omena kabisa. Na ukiona "perche du Nil" sokoni, usishtuke: hiyo ni mbuta. Minofu yake huuzwa Ulaya kutoka Ziwa Victoria, na huko bei itakufanya umheshimu mvuvi wa Homa Bay.

Kutembea na kuona

Mwaka 2025 tiketi moja ya metro Paris ilikuwa euro 2.50, na ya kwenda ama kutoka airport euro 13. Usitupe tiketi mpaka utoke nje. Wakaguzi hutokea ghafla na faini yao haina "nisaidie boss".

Vitu za bure ni mob. Notre-Dame ilifunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa 2019, na kuingia hulipi. Eiffel, mita 330, inaonekana freshi kutoka Trocadéro bila kulipa shilingi. Musée d'Orsay ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi. Louvre hufungwa Jumanne, na tangu Januari 2026 mgeni kutoka nje ya Ulaya analipa euro 32, so panga mapema.

Ukitaka historia yetu, ingia Quai Branly. Ni kutoka hapo ambapo vitu 26 vya kifalme vya Abomey vilirudishwa Benin 2021. Ukimiss nyumbani, shuka Château Rouge: ndizi, mihogo, vitenge, saluni za nywele.

Wezi wapo. Mtu akikufunga kamba ya rangi mkononi kule Montmartre, akikuletea karatasi ya kusaini, ama "akiokota" pete ya dhahabu mbele yako, sema non na usonge. Simu isikae meza ya nje.

Hauna fare? Anza hapa

Alliance Française Nairobi iko tangu 1949, na kuna maonyesho, filamu na konsati, ingine bure. Juni 21 ni Fête de la Musique, sherehe ilianza Ufaransa 1982.

Na kuna Ufaransa jirani: Mayotte, kisiwa karibu na Comoro, mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011. Watu huko huongea Shimaore, ndugu ya Kiswahili. Ila chunga, Mayotte haiko Schengen, so inataka viza yake.

Maneno ya kubeba mfukoni

- S'il vous plaît (sil vu ple): tafadhali
- Merci (mersi): asante
- Pardon (pardon, n ya puani): samahani, nipishe
- C'est combien? (se kombyen): ni ngapi?
- L'addition (ladisyon): leta bill
- Je viens du Kenya (zhe vyen du Kenya): natoka Kenya. Hii itumie sana, wapenzi wa riadha watakuanzishia story.