Modemu ya Setilaiti: Kufuatilia na Kudhibiti

Neno modemu liliundwa katika Kiingereza kwa vipande vya maneno mawili, kimoja kikitaja kazi ya kuupakia ujumbe juu ya wimbi na kingine kazi ya kuupakua, na Kiswahili kimelipokea likiwa tayari limeunganishwa. Modemu ya setilaiti, basi, ni kifaa kinachopakia taarifa za mtambo juu ya mawimbi ya redio, ambayo hupokewa na setilaiti na kurejeshwa kwenye kituo cha ardhini, kisha taarifa hizo zikamfikia msimamizi popote alipo. Istilahi hii imekwisha kukaa vinywani mwa mafundi na haihitaji mbadala. Yanayohitaji uangalifu ni majina ya kazi zake mbili, ufuatiliaji wa mbali na udhibiti wa mbali.

Kabla ya gridi ya taifa kufika mwaka 2022, miji ya Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma ilitegemea jenereta za dizeli, na mtambo wa aina hiyo unafaa sana kuwa mfano. Ndani ya tangi huelea boya, na mafuta yanaposhuka boya nalo hushuka, kihisi kikasoma kimo chake na modemu ikatuma tarakimu chache tu: huo ni ufuatiliaji. Amri ya kuzima injini inaposafiri kutoka kwa msimamizi hadi kwenye mtambo, huo ndio udhibiti. Katika mabonde ya mkoa huo, kuelekea Manyovu, kilima kinaweza kuzuia mawimbi ya mnara wa simu, lakini kwa kuwa Kigoma haiko mbali na Ikweta, setilaiti inayoelea juu ya Ikweta karibu na longitudo ya mkoa huo huonekana karibu na utosi, juu kabisa ya vilima.

Setilaiti hiyo, hata hivyo, iko umbali wa kilomita 35,786, hivyo amri huchukua takriban robo sekunde kufika, na jibu la kuthibitisha huchukua muda kama huo kurudi. Kwa sababu hiyo neno rimoti, lililozoeleka kwa televisheni, linapotosha hapa, kwani linaahidi utii wa papo hapo, ilhali uzimaji wa dharura lazima uachiwe kifaa kilichofungwa kwenye injini yenyewe. Isitoshe, mwizi wa taarifa za ufuatiliaji atajua kiasi cha mafuta tu, lakini aliyeiba njia ya udhibiti anaweza kuuzimia mji mzima taa.