Sheha ni Mtu wa Nani?

Ndugu zetu, leo twataka kusema habari za cheo kidogo akijuacho kila mtu wa Pemba, nacho ni cheo cha sheha. Swali letu ni hili: sheha ni mtu wa serikali, ama ni mtu wa mji wake?

Hapo kale Pemba ilikuwa na wakuu wake, walioitwa madiwani. Huko Pujini, karibu na Chake Chake, yapo hata leo magofu ya ngome ya karne ya 15. Wazee husimulia ya kuwa mwenyewe alikuwa Mkama Ndume, naye aliwatumikisha watu kwa ukali, wakichukua mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Ngome imekuwa gofu. Ukali ndio uliobaki vinywani mwa watu.

Baadaye Wamazrui wa Mombasa walikitawala kisiwa. Wenyeji walipochoka nao, wakuu wao walimwendea Seyyid Said wa Omani kutaka msaada, na kufika mwaka 1823 utawala wa Wamazrui katika Pemba ulikuwa umekwisha. Lakini yule aliyeitwa kusaidia naye alibaki kutawala.

Mwaka 1890 Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Katika utawala huo mudiri alikuwa juu, na sheha chini yake, kijijini. Sheha alitangaza amri za serikali, tena alipeleka juu shida za watu. Basi alikuwa kama daraja, hukanyagwa kutoka pande zote mbili.

Dola zimepita, na masheha wangaliko. Huteuliwa na mkuu wa mkoa. Kwa kuwa sheha ndiye ashuhudiaye ya kuwa fulani ni mkaazi, neno lake lina uzito mkubwa. Ulipofanywa uandikishaji wa wapiga kura kwa uchaguzi wa mwaka 2005, manung'uniko mengi yaliwaangukia masheha, ya kwamba wengine waliwakana watu wa miji yao.

Hapo twaona jibu la swali letu. Serikali yaweza kumpa mtu cheo, lakini haiwezi kumpa imani ya majirani. Na pasipo imani hiyo, akiita watu kuchimba kisima au kujenga skuli, nani atatoka na jembe lake? Cheo ni dhamana, ndugu zetu, na mwenye kuiweka dhamana hiyo ni mji.