Kutoka Bourse hadi Kambi: Waajiri wa Katanga, 1910–1946

Reli ilipofika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, shaba ilikuwako lakini watu wa kuichimba hawakutosha. Mwaka huohuo waajiri, wakitiwa nguvu na serikali ya kikoloni, waliunda Bourse du Travail du Katanga. Jina hilo lamaanisha soko la kazi, nalo halikudanganya: bidhaa yake ilikuwa mikono ya wanaume wa Lomami na kwingineko, ambao machifu waliwatoa kwa kushurutishwa na maofisa. Kwa kuandikisha watu pamoja, waajiri waliepuka kunyang'anyana watu na kupandishiana ujira.

Utaratibu huo ulifaa maadamu mikataba ilikuwa ya miezi michache. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwategemea pia wachimbaji kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Baada ya vita vya 1914–1918 faranga ya Ubelgiji ilishuka thamani, na watu hao waliolipwa kwa fedha ya Kiingereza wakawa ghali mno. Tena vifo vilikuwa vingi, na mtu aliyekwisha kuzoea mashine alirudi kwao.

Ndipo, kuanzia mwaka 1928, kampuni ikageuza mwendo: mikataba ya miaka mitatu, mke kambini, nyumba, posho, zahanati, shule za wamisionari. Kiswahili nacho kikaimarika kuwa lugha ya kambi. Wanaodhani kilienea chenyewe tu hawajauangalia mkono wa mwajiri. Chama cha kutafutia watu kilipungukiwa na kazi, kwa kuwa sasa watoto wa wachimbaji walizaliwa palepale mgodini.

Lakini aliyekaa huhesabu bei ya unga. Vita vya pili vilipandisha gharama za maisha, na Desemba 1941 wafanyakazi waligoma kudai nyongeza. Hawakuwa na sendika, wala waajiri hawakuwa na chombo cha kuzungumza nao. Bourse ya zamani ilijua kuandikisha tu. Tarehe 9 Desemba, huko Elisabethville, askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika uwanjani, wakaua makumi ya watu.

Sheria ya 1946 iliruhusu sendika za Waafrika, chini ya uangalizi wa serikali. Kampuni yenyewe ilipendelea mabaraza ya ndani ya kazi, yenye uwezo wa kushauri tu, na mwenyekiti wake akiwa mtu wa kampuni.