Kasha la Viungo na Majina Yake



Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huwaelekea wafanyabiashara. Katika makala hii nakusudia kuielekeza jikoni, kwenye viungo vya chakula. Kwani viungo ni mali, na majina yake ni mali iliyo kubwa zaidi.

Marehemu bibi yangu, aliyeishi Buyenzi, alikuwa na kasha la mbao lenye vikopo 19. Hapakuwa na hata kimoja kilichoandikwa jina. Yeye alivitambua kwa pua. Alipofariki, kasha lile lililetwa kwangu Carama. Tulipolifungua, wanawe na sisi wajukuu, tuliweza kutaja vikopo 14 tu. Vitano vilivyosalia vilikuwa na unga wa rangi ya udongo, usio na harufu wala jina. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: viungo hivi vilitufikiaje, na majina yake yalitoka wapi?

Viungo vingi vya mapishi ya Kiswahili vilivuka bahari, na majina yake yanashuhudia safari hiyo. Karafuu ni neno lililotokana na Kiarabu. Mdalasini asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni mti wa China. Iliki imetoka katika lugha za Kihindi. Pilipili manga ni pilipili ya Manga, jina ambalo watu wa pwani waliiita nchi ya Waarabu, hasa Omani. Lakini mmea wenyewe ni wa Bara Hindi. Hivyo jina halisemi kila mara kitu kilikoota. Pengine husema ni nani aliyekileta.

Mkarafuu wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku. Mwaka 1770 Wafaransa waliifikisha miche yake katika kisiwa cha Morisi, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikapandwa Unguja. Seyyid Said bin Sultan akahimiza mashamba makubwa, nayo yakalimwa kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya mbele. Yafaa tukumbuke kwamba harufu hiyo nzuri ina historia chungu ndani yake.

Historia hiyo haikuishia pwani. Burton na Speke walipowasili Ujiji mwaka 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili wamekwisha kutangulia. Misafara yao ilifuata pembe za ndovu na watumwa. Lakini watu waliohamia huko walikuja pia na lugha yao, dini yao na mapishi yao. Baadaye Wajerumani wakaweka kituo chao Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma. Kuanzia Kigoma, shehena iliweza kupakiwa melini hadi ncha ya kaskazini ya ziwa. Basi pilau ya Buyenzi na Kiswahili cha Buyenzi ni ndugu wa safari moja.

Njia ndefu namna hiyo haikosi kuyabadili maneno. Bizari, kwa asili ya Kiarabu, ni mbegu. Lakini leo mmoja akisema bizari humaanisha manjano, mwingine bizari nyembamba, na mwingine mchanganyiko wa mchuzi. Pilipili hoho katika kamusi za zamani ni ile nyekundu iwashayo. Leo wengi huliita hivyo lile pilipili kubwa lisilowasha. Kwa hiyo anayeandika "bizari" tu juu ya kopo hajaandika kitu.

Sasa nieleze namna nilivyolipanga kasha lile upya. Nimevigawa viungo kwa sehemu ya mmea: tumba la ua, yaani karafuu, gome, yaani mdalasini, mbegu na matunda, kama vile bizari nyembamba, giligilani, iliki na kungumanga, na vile vichimbwavyo ardhini, yaani tangawizi na manjano. Kila kopo lina karatasi yenye jina, jina la pili kama lipo, na tarehe ya kununuliwa. Vya zamani hukaa mbele ili vitumike kwanza. Mwalimu atatambua mara moja kwamba mpangilio huu ni somo kamili la msamiati.

Kuhusu kuhifadhi, wazee wetu walikuwa na hekima ambayo sisi tumeipuuza. Harufu ya kiungo hukaa katika mafuta yake, na mafuta hayo huruka upesi kwa joto, mwanga na hewa. Ndiyo maana walinunua viungo vizima, wakaviondoa unyevu kwa kuvianika kidogo, wakavifungia ndani ya kasha lenye giza, na kutwanga kinuni kiasi cha siku ile tu. Leo twanunua unga uliokwisha kusagwa, tukauweka katika chupa nyeupe juu ya jiko, katika mji huu wa kando ya ziwa wenye joto na unyevu, kisha tukalalamika kwamba viungo vya siku hizi havinukii.

Vile vikopo vitano nimevisafisha, lakini sijavitia kitu. Wanafunzi wangu wakivikuta vitupu huniuliza sababu, nami huwapa kazi ya nyumbani: waende kwa bibi zao wakiwa na daftari, wafungue kila kopo, waandike jina lake, matumizi yake na mahali linaponunuliwa. Nawasihi walimu wenzangu wafanye vivyo hivyo, maadamu wenye kujua wangalipo.