XTree: Programu Iliyotuonyesha Tulipo

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache juu ya historia ya kompyuta. Nimechagua programu moja ndogo, XTree, kwa sababu niliwahi kuumia kwa kuikosa.

Kompyuta ya IBM PC ilipotoka mwaka 1981, diski yake laini ilibeba kilobaiti 160 tu. Mafaili yalikaa pamoja, wala hayakuwa mengi. Mwaka 1983 ikaja IBM PC XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, yaani zaidi ya diski 60 za namna ile. Ili mafaili yasichanganyike, toleo la 2.0 la mfumo wa DOS likaleta saraka, ambazo vijana wa leo huziita folda. Wenzangu mtaelewa nikisema ilikuwa kama shule yetu: mabweni, ndani yake vyumba, na kila mtu kitanda chake.

Tatizo ni kwamba mgawanyo huo haukuonekana. DOS ikiachwa kama ilivyonunuliwa, skrini ilionyesha herufi C na alama moja tu. Haikukwambia umo bweni gani. Ulipaswa kukumbuka mwenyewe.

Mwaka 1988 nilikuwa karani katika ofisi moja iliyoshughulikia malipo ya wastaafu. Jioni moja niliagizwa kufuta barua za zamani. Nikaandika amri ya kufuta yote. Mashine ikauliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo. Kumbe nilikuwa ndani ya saraka ya orodha za malipo, na nakala hatukuwa nayo! Kwa siku nne, watu watatu, tulichapa upya majina kutoka kwenye majalada, huku wazee wetu wakisubiri nje kwenye mabenchi. Mmoja wao aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, jina langu limefikiwa?" Swali hilo sijalisahau.

Miezi michache baadaye mwenzetu mmoja alituletea XTree. Programu hiyo ilitungwa na Jeffrey Johnson na wenzake wa kampuni ya Executive Systems, California, Marekani, ikaanza kuuzwa mwaka 1985. Ilichora saraka zote kama mti na matawi yake. Chini iliorodhesha mafaili ya saraka uliyosimama, na juu iliandika njia yote ya kufika hapo. Kwa kitufe cha T ulitia alama mafaili uliyoyataka, kisha ukayanakili au kuyafuta kwa pamoja. Iliweza pia kuhamisha faili kutoka saraka moja hadi nyingine, kazi ambayo DOS yenyewe haikuwa na amri yake hadi toleo la 6 la mwaka 1993.

Mwaka huohuo XTree ilinunuliwa na kampuni ya Central Point Software. Ilipokuja Windows 95, mti wa saraka ulikuwa tayari umo ndani yake, na watu wakaacha kuinunua programu ya pembeni.

Ninyi wadogo zetu mlioko madarasani mnaona folda zenu waziwazi, nanyi mna bahati. Lakini mashine ingali inauliza swali lilelile: una hakika? Kabla ya kujibu ndiyo, tazama kwanza umesimama wapi, na ukumbuke kuna mzee anayesubiri kwenye benchi.