Sauti Iliyofichua Siri ya Tumbo
Zamani, mwanamke aliyelalamikia maumivu chini ya kitovu alitegemea mikono ya tabibu, naye tabibu, akiisha kubonyeza na kupapasa, aghalabu hakuwa na njia ya kuyakinisha dhana yake ila kisu.

Huko Glasgow, Uskoti, Profesa Ian Donald, tabibu wa maradhi ya wanawake aliyetumikia jeshi la anga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipata habari za chombo kilichotumiwa viwandani kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa mwangwi wa sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu. Mwaka 1955 alichukua vivimbe vilivyotolewa matumboni mwa wagonjwa, akavipeleka katika kiwanda cha boila huko Renfrew kilichokuwa na chombo hicho, aone kama mwangwi ungevipambanua, pamoja na pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Na kweli, uvimbe wa maji uliipitisha sauti mpaka ukuta wa pili, ilhali uvimbe mgumu uliidhoofisha njiani.

Baadaye akaletewa mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyo na dawa. Chombo kikaonyesha kifuko kikubwa cha maji, nacho, kilipotolewa, kikathibitika kuwa uvimbe wa ovari usio wa hatari, na maisha yake yakasalimika. Mwezi Juni 1958, Donald, tabibu John MacVicar na mhandisi Tom Brown walitangaza matokeo yao katika jarida la The Lancet.

Elimu hii ya kupima tumbo kwa mwangwi wa sauti, inayofichua hata mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba kabla haijapasuka, ni haki ya kila mwanamke, wa mjini na wa shamba.