Jina la Molo na Zana za Kutafutia Maarifa

Mtaalamu atafutaye habari za Molo, mji wa nyanda za juu ulio magharibi ya Nakuru kwenye njia ya reli, hukabiliwa na tatizo ambalo asili yake ni lugha zaidi kuliko mitambo. Jina lenyewe lina herufi nne tu, na herufi hizo hizo zapatikana penginepo zikiwa na maana nyingine kabisa. Katika Kiitaliano na Kipolandi, molo ni gati. Katika Kixhosa ni maamkizi anayopewa mtu mmoja, ambayo yakielekezwa kwa wengi huwa molweni. Chombo kinacholinganisha herufi peke yake chaweza basi kumpeleka mtafutaji kwenye bandari za Baltiki na salamu za Afrika ya Kusini kabla ya kumfikisha kwenye mashamba ya viazi na pareto. Swali la kale ni hili: je, kitu kitafutwe kwa jina lake, au kwa mahali pake katika mpango wa maarifa?

Katika maktaba, jibu la pili lilipata nguvu mwaka 1876, Melvil Dewey alipotoa mpango wake wa kugawa maarifa yote kwa tarakimu. Katika mpango huo, kama ulivyoendelezwa baadaye, Kiingereza kina 420 nzima. Kiswahili hakina budi kutafutwa baada ya nukta, kwenye 496.392. Msomaji aweza kucheka, lakini tarakimu hiyo ikishajulikana haimchanganyi mtu Kiswahili na kitu kingine chochote.

Nyaraka za serikali zina mpango wao. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1965, karatasi za utawala hufuata kwa kawaida ofisi zilizoziandika, yaani mkoa na wilaya. Mambo mengi ya Molo yamo basi chini ya Wilaya ya Nakuru. Tena, hadi mwaka 1902 sehemu hizo zilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Kwa hiyo anayechunguza miaka ya ujenzi wa reli, ambayo ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, atakosa mengi akiishia kwenye jina la Kenya. Wilaya ya Molo yenyewe ilikuja kuundwa mwaka 2007, na baada ya uchaguzi wa 2013 utawala ukahamia kwenye kaunti. Zana ya namna hii humtaka mtu aijue kwanza historia ndipo aweze kuitafuta historia. Hilo ni sharti gumu kwa mwanafunzi, ila si sharti la kipumbavu.

Intaneti ilirudia njia hizi mbili kwa haraka. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha McGill, alibuni Archie, chombo kilichotafuta majina ya faili tu, si yaliyomo ndani. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo walianzisha Yahoo, orodha iliyopangwa na watu kwa mada, ndugu halisi wa mpango wa Dewey. AltaVista ikaja Desemba 1995 na kufanya fahirisi ya maneno yote ya kurasa. Kisha mwaka 1998 Google ya Larry Page na Sergey Brin, ambayo iliupa uzito ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyingine nyingi. Kanuni hii ilifaa sana kwa mambo mashuhuri. Kwa mji mdogo wa Bonde la Ufa, ambao walioandika habari zake ni wachache na wanaowaelekeza wengine huko ni wachache zaidi, ilikuwa sawa na kumwambia mgeni aulize njia kwa wasiopita huko. Orodha ya Yahoo ilifungwa mwaka 2014, na ile iliyoitwa Open Directory mwaka 2017. Njia ya mada ikabaki hasa maktabani, na hasara hiyo haikuliliwa vya kutosha.

Kwa Kiswahili kuna jambo jingine zito. Mkulima, wakulima, kilimo, walilima, hawajalimiwa: kwa msemaji yote ni matawi ya shina moja; kwa chombo kinachosoma herufi kutoka kushoto ni maneno yasiyojuana. Mgogoro huu wanakamusi waliujua kabla ya kompyuta. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilikusanya minyambuliko chini ya shina lake, hata mtumiaji akalazimika kujua sarufi kabla ya kuifungua. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, mwaka 1981, ilifuata zaidi neno kama linavyoonekana. Kila upande ulipata na kupoteza. Suluhisho la kompyuta lilitoka Helsinki, ambako Kimmo Koskenniemi alitoa mwaka 1983 nadharia yake ya mofolojia ya viwango viwili, na Arvi Hurskainen akaanza mwaka 1985 kuitumia kwa Kiswahili. Kutokana na kazi hiyo, mkusanyiko wa matini za Kiswahili wa Helsinki, ambao toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25, waweza kuulizwa shina lima ukarudisha matawi yake yote. Lakini hicho ni chombo cha mwanaisimu: hueleza jinsi neno linavyotumika, wala hakikuundwa kueleza yaliyotukia Molo.

Na majina nayo hayatulii. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto Sachangwan, karibu na Molo, na watu zaidi ya 100 wakafa. Baadhi ya walioandika waliuita moto wa Molo, wengine wa Sachangwan. Aliyetumia jina moja tu alipata nusu ya ushahidi, na huenda asitambue kwamba ni nusu.

Ugumu huwa mkubwa zaidi kwa mapigano ya 1992. Ripoti ya Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, ya mwaka huo huo, na ile ya Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa 1998 na ripoti yake kutolewa kwa umma 2002, zote zayagusa yaliyowapata wakazi wa Molo, lakini hakuna hata moja yenye jina la Molo katika anwani yake. Injini ya kutafutia ikipewa jina la mji na mwaka, yaelekea kuleta kwanza magazeti na maoni. Ripoti zenyewe hutafutwa katika katalogi, kwa jina la tume au kwa mada, kisha zikafunguliwa ukurasa baada ya ukurasa hadi Wilaya ya Nakuru.